Haiku za Kusi na maji ya kupwa

Mtunzi wa haiku, shairi fupi la Kijapani, aliyeko Pemba hana theluji wala maua ya mcheri, na akijifanya kuwa navyo msomaji atamgundua kabla ya kufika mshororo wa tatu. Hata hivyo, haiku nyingi za Kiswahili ninazozisoma zimejaa baridi ya nchi ambazo watunzi wake hawajazikanyaga. Naona ni hasara, kwa sababu kitu ambacho utungo huu unakitaka kuliko vyote, yaani majira, ndicho tulichojaaliwa kuwa nacho kwa wingi hapa kwetu.

Kwa asili yake ya Kijapani, haiku ina vipande vitatu vya mizani 5, 7 na 5, ambavyo Wajapani wenyewe kwa kawaida huviandika katika mstari mmoja. Ndani yake huwemo neno la kuonyesha majira, na mahali fulani huwekwa mkato, ili picha mbili zikae jirani pasiwepo wa kueleza zinahusianaje. Mkato huo haupaswi kutushangaza sisi tuliozoea mshororo wa shairi wenye ukwapi, yaani nusu ya kwanza, wa mizani 8 na utao, nusu ya pili, wa mizani 8, ambao sikio hupumzika katikati yake hata kama jicho halijaona alama yoyote. Majira nayo Wajapani wameyakusanyia vitabu vizima, ambamo mtunzi huangalia ni mdudu gani, chakula gani au ibada gani inayohesabiwa kuwa ya wakati gani wa mwaka.

Kuhusu mizani, sisi tuna bahati kuliko wanaotunga haiku kwa Kiingereza, ambao silabi zao hazilingani na hesabu ya Kijapani. Mjapani huhesabu irabu ndefu mara mbili, na n inayofunga silabi, kama ilivyo konsonanti iliyorudiwa, huipa hesabu yake peke yake, hata Tokyo ikawa na mizani nne na Nippon nayo nne. Mtunzi wa Kiswahili haoni ajabu katika hayo: karafuu ni mizani nne, kaa ni mbili, na maneno kama nje na mtu ni mbili mbili, kwa kuwa n na m za mwanzo zina pumzi yake. Neno linalonisumbua ni kaskazi, ambalo ami yangu hulihesabu nne akilighani na mimi hulisikia kuwa ni tatu. Hatujakubaliana, na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa nimeamua kulikwepa katika tungo zangu.

Kulikwepa neno hilo si jambo dogo, maana mwaka wetu umegawanywa na pepo mbili kabla ya kugawanywa na kitu kingine chochote. Upepo wa Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi ukiwa na joto lake, Masika huingia na mvua kubwa, kisha upepo wa Kusi hushika nafasi na ndani yake hupita Kipupwe, wakati ambao hata wanaojidai hutafuta shuka ya pili alfajiri. Vuli hufunga mzunguko kwa mvua zake za vipindi. Wakulima na wavuvi wa zamani walikuwa na hesabu iliyo finyu zaidi ya hiyo, kwani waliupanga mwaka wa jua kwa miongo, yaani makundi ya siku kumi kumi, wakijua katika mwongo gani ipandwe mbegu gani. Siku ya kwanza ya mwaka wa hesabu hiyo ndiyo ile ambayo hadi leo husherehekewa Makunduchi, Unguja, katika Mwaka Kogwa wa mwezi wa Julai. Bahari nayo hufuata mwezi, ikatupa bamvua, yaani maji ya kujaa na kupwa sana, mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, katikati yake. Mtu mwenye maneno hayo yote mdomoni ana kitabu cha majira kilichokamilika, ila hakijapigwa chapa.

Lipo swali moja ambalo Wajapani hawawezi kutujibia, nalo ni la Ramadhani. Mwezi huo hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka wa jua, kwa hiyo aliyefunga utotoni katika jua la Kaskazi hufunga ukubwani katika mvua za Masika. Je, daku na mwandamo ni maneno ya majira? Mimi nimeamua kuyahesabu hivyo, kwa sababu Ramadhani hubadilisha harufu ya mitaa na saa za watu za kulala kuliko upepo wowote ule.

Watoto nje,
wangojea mwandamo;
uji wapoa.

Majira ninayoyapenda kuyaandika, hata hivyo, ni ya karafuu. Karafuu huchumwa ikiwa ingali changa, rangi yake kijani kinachoanza kuiva wekundu, kabla ua halijafunguka. Ikifunguka thamani imekwenda. Vishada huletwa nyumbani na watu hukaa chini kuchambua, kila mmoja akikipinda kishada kwenye kiganja mpaka punje zote ziachane na makonyo, yaani vijiti vyake. Punje huanikwa juu ya majamvi kwa siku kadhaa, zikigeuzwageuzwa, na rangi yake huenda ikikolea mpaka inakuwa ya kahawia iliyoiva. Aliyezoea hachunguzi rangi peke yake. Huchukua punje moja akaivunja kwa kidole gumba, na ikikatika kwa mlio hujua kwamba imekauka. Ikipinda, hurudishwa juani. Makonyo hayatupwi, kwani hukamuliwa mafuta. Katika siku hizo kila kichwa kijijini hutazama juu mara kwa mara, maana karafuu iliyonyeshewa juu ya jamvi huharibika rangi, na bei yake huharibika pamoja nayo.

Jua la Kusi;
karafuu jamvini,
wingu lapita.

Huenda msomaji akauliza kwa nini sikuutaja wasiwasi wa mwenye jamvi. Sikuutaja kwa sababu mwenye jamvi mwenyewe hautaji. Hutazama juu, akakunja ncha moja ya jamvi, akangoja. Utunzi wetu umelelewa na mawaidha, tukazoea kuona kwamba ubeti usiofunza kitu ni ubeti uliopotezewa wino. Hata kanga hatuvai bila ya neno la kumfikia jirani. Sisemi kwamba desturi hiyo ni mbaya, na wala sitaki kuishi mahali ambapo kanga hazisemi kitu, lakini haiku inayomalizikia kwa nasaha huwa methali iliyokatwa mahali pasipo pake, na methali tunazo nyingi zilizotangulia kusemwa vizuri zaidi.

Ami yangu hakubaliani nami hata kidogo. Yeye ametunga tarbia, mashairi ya mishororo minne kila ubeti, tangu mimi sijazaliwa, na baada ya sala ya alasiri hukaa barazani kwake Wete kusikiliza kila aliyekuja na habari. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akaniambia, "Haya, nisomee hicho kijishairi chako." Nikamsomea:

Maji ya kupwa;
dau limelalia
ubavu wake.

Akangoja. Aliinamisha kichwa kama mtu anayesubiri kituo, yaani mshororo wa mwisho, kimfikie, na kilipochelewa akauliza, "Haya, kisha?"

"Imekwisha, ami."

"Imekwishaje, mwanangu, na kituo hujakitia?"

Nilifungua kinywa kuitetea haiku yangu, ndipo nikakumbuka kwamba historia iko upande wake. Jina la haiku ni la karne ya 19 mwishoni, lilipotiliwa nguvu na mshairi Masaoka Shiki, ambaye aliutenga utungo huu usimame peke yake. Kabla ya hapo kipande cha 5, 7 na 5 kiliitwa hokku, nacho kilikuwa mlango wa utungo mrefu uliotungwa na watu kadhaa waliokaa pamoja. Wa kwanza akishatoa chake, wa pili alijibu kwa vipande viwili vya mizani 7, wa tatu akarudi kwenye 5, 7 na 5, na mnyororo ukaendelea kwa zamu. Kwa maneno mengine, mtu aliyesikia hokku akauliza "kisha?" alikuwa ameuliza swali lililotakiwa kuulizwa.

Nilipomweleza hayo alifurahi waziwazi. "Kumbe na wao hujibizana," alisema, akaanza kuhesabu kwa vidole juu ya goti. Kahawa ya pili ilikuwa haijamiminwa alipojibu:

Mwenyewe kivulini
ashona tanga lake.

Mizani 7 na 7, hazikuzidi wala hazikupungua, lakini msomaji amekwisha kuona alichonifanyia: amenikamata kwa kina, "lake" juu ya "wake" wangu. Nikamwambia kwamba Wajapani hawatumii vina. "Wao hawana," alinijibu, "mimi ninavyo," na hapo mjadala ukafungwa kama inavyofungwa mijadala ya barazani, kwa kupitishiwa bakuli la tende.

Ilibaki zamu yangu. Kanuni ya mnyororo huo ni kwamba ubeti mpya hushikana na uliotangulia tu, na huuacha ule wa kabla yake uende zake, kwa hiyo nililazimika kulitupa dau na maji yake nikabaki na mshonaji na tanga. Ilinichukua muda mrefu kuliko yeye, nami sikuwa na haja ya kutia neno la majira, maana beti za katikati si lazima ziwe nalo:

Sindano ndefu;
mjukuu atunga
uzi tunduni.

Nilimpelekea kwa simu, kupitia binti yake. Jibu lililorudi ni kwamba mzee ameusikia na anao wake, lakini tusiutarajie karibuni, kwa sababu karafuu zimeanza kushuka, nyumba nzima inachambua hadi usiku, na makonyo yamejaa hata pale barazani anapokaa.