Siku ya kurekodi

Saa kumi na moja alfajiri. Siku ya kurekodi nikishasali sirudi kitandani. Nnapitia maswali ya mgeni wa leo, bibi mmoja mchuma karafuu kutoka upande wa Wete, aliyevuka jana kwa boti na mjukuu wake. Kipindi changu ni cha mazungumzo na vichekesho, na utani ninaoufuta kwanza kila ninapopokea mgeni wa Pemba ni ule wa lafudhi. Ni utani wa chee, na unamfunga mtu mdomo kabla hajakaa.

Saa moja na nusu nipo Jaws Corner, Mji Mkongwe, kwa kahawa na kashata. Wazee wa pale ndio ninaowajaribia vichekesho vyangu. Wakicheka huku bao linaendelea, kichekesho bado hakijaiva. Leo bao limesimama mara moja, kwa kile cha konda na abiria mwenye noti kubwa. Hicho nimekichukua.

Saa nne, studio: taa, viti, majaribio ya sauti. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara ikasubiri hadi 1994. Wazee wetu wameitazama tangu ujana wao, na kicheko cha kubandika wanakijua. Ndiyo maana sikitumii.

Saa nane mgeni akafika.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Viatu niweke wapi?"

Ameliona zulia la seti, na kwake zulia halikanyagwi na viatu. Mpiga picha alitaka kumwambia aendelee tu. Nikavua vyangu, nikaviweka kando ya vyake, na mpiga picha naye akavua.

Kinasa sauti kikatusumbua. Dada wa sauti alikibana vizuri chini ya mtandio, lakini kanga zilikuwa mpya, bado zina wanga, kila akigeuka zinapiga kelele. Kumwambia abadilishe kanga alizozinunua kwa ajili ya siku hii? Hapana. Tukaning'iniza kinasa sauti kingine juu ya kichwa chake, kazi iliyokula karibu saa nzima.

Saa tisa na nusu tukaanza. Nikamuuliza kama haogopi kuanguka mkarafuuni.

"Mkarafuu haujaniangusha hata siku moja," akasema. "Anayeniangusha ni anayeshika pishi."

Mchumaji hulipwa kwa pishi, kwa hiyo mwenye shamba hulijaza mpaka lifanye kilima. Bibi akatuonesha kwa viganja: anashindilia, anatikisa, anashindilia tena, anaongeza kilele, kisha anasema kwa sauti ya tajiri, "Mbona halijajaa?" Watazamaji wakapiga makofi kwa kelele. Nilikuwa na swali tayari, nikalimeza. Akatazama pembeni, akaongeza taratibu kwamba siku nyingine alirudi nyumbani na pesa ya sukari tu. Studio ikatulia. Kwangu hapo ndipo penye kazi khasa: mtu acheke, kisha asikie, na mgeni abaki na heshima yake.

Magharibi ikatukuta tukila urojo nje, bibi akiulalamikia kwamba una ndimu kidogo.

Saa tatu usiku, uhariri. Mhariri alitaka kukata sehemu ya viatu ili muda utoshe. Tumebishana sana. Mwisho kimekatwa kile cha konda, viatu vimebaki.