Nilivyoandika wasifu wa Baba mara ya pili

Msiba wa Baba ulikuwa na watu mpaka barabarani. Wali ulitosha, turubai halikuvuja, jeneza lilipendeza. Kilichoharibika ni wasifu.

Kamati ya msiba ilimpa kazi hiyo binamu yangu kwa sababu moja tu, kwamba ana kompyuta. Naye hakujisumbua. Alichukua wasifu wa mjomba wake upande wa kwao, mwalimu aliyefariki mwaka juzi, akabadilisha majina na tarehe, akaenda kuchapa. Pale makaburini alianza vizuri, sauti nzuri, suti nzuri. Akafika mahali paliposema marehemu atakumbukwa daima na wanafunzi aliowafundisha hisabati kwa moyo. Sisi ni Wanyamwezi, na watani wetu Wazaramo walikuwepo. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa amevaa kofia ya jeshi ya Baba tangu asubuhi na kukataa kuivua bila kulipwa, akapaza sauti: "Fungueni jeneza! Wanyamwezi hawa wametuletea mwalimu!"

Watu walicheka mpaka wabebaji wakacheka. Padri aliinama kama anatafuta kitu kwenye kitabu chake. Mimi nililia, na si kwa uchungu wa kufiwa. Nililia kwa hasira.

Baba alikuwa dereva wa jeshi. Alianzia JKT, akaajiriwa JWTZ mwaka 1972, akaendesha lori la risasi vita vya Kagera, akamalizia kazi hapa Tabora, kambi ya Milambo, na cheo cha koplo ambacho hakuwahi kukilalamikia. Hisabati aliyoijua ni ya lita za dizeli.

Jioni ya kuanua matanga nikasema mbele ya ukoo kwamba siku ya arobaini utasomwa wasifu mwingine, na nitausoma mimi. Baba mdogo akasema yaliyopita si ndwele, tena mtoto wa kike kusoma wasifu haijawahi kuonekana kwetu. Shangazi akamjibu kabla yangu: "Miezi minane alipokuwa akigeuzwa kitandani na mtoto wa kike, mbona hukusema haijawahi kuonekana?" Kikao kikafungwa.

Ushauri nilioupata baada ya hapo ungejaza gunia. Mshereheshaji wa msiba alinipigia kunifundisha kazi: anza na kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, ugonjwa, kifo, usizidi dakika 5, watu wanakuwa na njaa. Dada mmoja wa jumuiya alisema nisitaje vita kabisa, nitaje sala. Baba mdogo alisema nitaje vita tu, nisitaje mambo ya ndani. Wote niliwaitikia.

Mwaka wa kuzaliwa nao ulitaka kunishinda. Kitambulisho cha taifa kilisema 1954, kadi ya chama 1950, karatasi za jeshi 1952. Baba mwenyewe alikuwa akichagua kufuatana na anayemuuliza. Nikaenda Ndala alikobatizwa, nikasomewa daftari la ubatizo lenye maandishi ya Kilatini: 1952. Nauli na soda ya katekista haikufika elfu 40. Kama una mzee wa Kikatoliki mwenye miaka mitatu ya kuzaliwa, anzia parokiani, usipoteze muda na vitambulisho.

Kazi ilikuwa vita. Baba hakuwahi kutusimulia vita. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, alikuwa akivaa koti lake jeusi, anabandika medali, anakaa na redio peke yake chini ya mwembe. Redio ikinyamaza anavua koti, anarudi kwenye karanga zake. Ukimuuliza anasema, "Wenzangu wako Kaboya, kawaulize wao." Nilikuwa mkubwa kabisa nilipojua kwamba Kaboya kule Muleba ni makaburi ya wanajeshi.

Walibaki wazee watatu hapa mjini waliokwenda naye. Mara ya kwanza niliwaendea kama mtu wa televisheni. Nilichinja kuku wawili, nikanunua soda, nikawakalisha sebuleni kwenye makochi, nikaweka simu katikati ya meza nikawaambia, "Wazee wangu, nawarekodi, naomba mnieleze maisha ya Baba vitani." Heri nisingesema. Sajenti mstaafu alikaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti. Mwingine akasema, "Baba yako alikuwa mtu mzuri, mwanangu. Mchapakazi." Wa tatu, ambaye huwa hasemi, hakusema. Nikauliza vita ilikuwaje. "Vita ni vita." Nilipokwenda kusikiliza ile rekodi nilikuta dakika 47, na dakika 40 kati ya hizo zilikuwa za mafao. Kuku wawili!

Mimi nauza vitenge sokoni, na akili ya pili ilitoka huko. Mteja ukimuuliza ana shilingi ngapi, hakwambii. Mtajie bei ya uongo, atakwambia bei ya kweli, duka alilotoka, na jirani yake alinunua wapi. Watu hawapendi kuulizwa, lakini hakuna anayevumilia kusikia kosa.

Basi nikaandika wasifu wa uongo. Nikaukunja ndani ya daftari langu la madeni, nikaenda kijiweni kwao wanakocheza bao, nikaagiza kahawa na kashata, nikasema, "Baba zangu, nimeshamaliza wasifu, nasoma tu mnisikilize kiswahili changu." Nikaanza: "Marehemu alikuwa askari wa miguu. Oktoba 1978 Amin alipovamia Kagera, marehemu alivuka daraja la Kyaka na kuingia Mutukula mwezi wa Machi."

Kete za bao zilimwagika. "Nani kakwambia?" Sajenti alikuwa ameshasimama. "Daraja gani la Kyaka, wakati Amin ameshalilipua? Tulivuka kwa daraja la muda! Na Mutukula ni Januari! Machi tuko Lukaya tunakanyaga kinamasi!" Mwenzake akadakia: "Na baba yako askari wa miguu tangu lini? Sisi ndio tulitembea mpaka Kampala. Yeye amekaa kwenye lori kama bwana harusi." Wakaanza kubishana wao kwa wao, nani alitembea, nani alipanda lori la Baba kwa siri akashushwa, pancha ya kwanza ilikuwa wapi, siku ile Masaka ilipoanguka, 24 Februari 1979, nani alikuwa na homa. Mimi nimeinama naandika kwenye daftari la madeni. Mpita njia angedhani wazee hawa wanadaiwa vitenge.

Nilirudi mara nne. Kila mara naenda na makosa mapya, na nikajifunza kwamba kosa lazima liwe dogo. Siku moja tamaa ilinishika nikasoma kwamba Baba aliongoza kikosi chote kuingia Kampala tarehe 11 Aprili. Wakacheka tu, wakaendelea na bao, kahawa ikaenda bure. Kosa likiwa kubwa mno linakuwa hadithi, na hadithi hairekebishwi. Kosa linalofaa ni la mwezi mmoja, au la tairi. Kwa tairi la Lukaya peke yake, kama lilipasuka la mbele au la nyuma, nilipata kurasa sita.

Ila kosa moja lilinirudi. Nilikuwa nimeishiwa, nikatunga kwamba usiku wa Lukaya, Walibya waliokuja kumsaidia Amin walipoanza kurusha makombora, marehemu aliogopa akajificha chini ya lori lake na kulia. Nilitegemea kelele. Hakuna aliyesema kitu. Sajenti alikuwa anazungusha kikombe. Na mimi, sijui kwa nini, sikufunga daftari wala sikusema kwamba nimetunga. Yule mzee asiyesema ndiye aliyesema. "Makombora yale yalikuwa yanapita juu ya vichwa," akasema. "Hayakutupata. Lakini usiku huo hatukujua kwamba hayatatupata. Wote tulikuwa chini ya lori, mwanangu. Lori la risasi. Hebu fikiria akili hiyo." Akacheka kidogo, wenzake wakamfuata.

Niliacha kuandika siku hiyo, nikalipa kahawa, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Sasa mambo ya ndani, yale baba mdogo aliyotaka niyaache. Kwenye sanduku la bati la Baba tulikuta vitu vya kawaida, leseni, medali, picha, barua za mama, na furushi la kamba za katani zilizofungwa pamoja. Zilikuwa kama 50 hivi, fupi fupi, nyingine zimeshapauka. Kila kamba ina mafundo mwishoni, fundo moja, mawili, mpaka sita. Shangazi aliziona akarudi nyuma hatua mbili. "Hizo msizishike kwa mikono." Binamu wa wasifu akashauri zichomwe. Mama alikuwa amelala na presha yake, hatukutaka kumwamsha kwa mambo ya uchawi. Nikazifunga kwenye mfuko wa plastiki, na nakiri kwamba nilizishika kwa kijiti.

Ziara ya mwisho kijiweni nilikwenda nazo. Nikaziweka mezani nikasema, kosa langu la mwisho hilo, "Baba aliacha hirizi zake za vita."

Yule mzee asiyesema akachukua moja, akainyoosha. "Vua kiatu," akaniambia.

"Mimi?"

"Mafundo yako mangapi? Wewe wa kwanza, fundo moja."

Zilikuwa nyayo zetu. Baba alikuwa dereva, leo Mwanza, kesho Dodoma, na viatu vya watoto hapa havikupatikana kila siku, hasa miaka ile tuliyoambiwa tufunge mkanda miezi 18. Kwa hiyo kila akiwa nyumbani alikuwa akitupima mguu kwa kamba tukiwa tumelala, anakata, anafunga mafundo kwa zamu ya kuzaliwa, anaweka mfukoni. Duka lolote atakalolikuta, anatumbukiza kamba ndani ya kiatu. Ndiyo maana tulikuwa watoto sita na viatu vyetu havikuwahi kubana, na mimi nilikuwa nadhani baba wote wanajua tu. Jumapili jioni alikuwa akivipanga barazani jozi sita, visigino kwenye mstari mmoja, anavipiga kiwi kwa kitambaa alichokizungusha kwenye vidole viwili, anatema mate kidogo, anapiga tena, na anayekuja kuchukua chake lazima aoneshe kucha kwanza.

Mzee akaendelea. Kampala, baada ya mapigano, wengine wanatafuta redio, Baba anatafuta kiatu cha mtoto wa miaka mitatu. Alikuwa na kamba moja tu wakati huo. Walimwona anakataa jozi nzuri kabisa nyekundu kwa sababu ilizidi kamba kwa nusu ya kidole. Wakamcheka siku nzima. Siku ya pili akapata iliyolingana sawasawa.

Nilimuuliza Mama usiku huo. Alikaa kitandani akanyoosha miguu. "Vyeusi vya kamba," akasema. "Aliporudi mwaka 1980 vilikuwa havikuingii hata nusu. Alisahau kwamba na wewe unakua. Alikaa pale mlangoni akijaribu kukuvalisha, anasukuma, wewe unalia, yeye anasukuma. Nikamwambia acha. Akaviosha akaviweka juu ya kabati, mdogo wako akaja kuvivaa."

Nikaandika usiku huohuo mpaka karibu na alfajiri. Kuchapa na kutoa nakala ilikuwa elfu kumi na kitu, sikumbuki, maana nilimfukuza binamu kwenye kompyuta nikachapa mwenyewe kwa kidole kimoja.

Siku ya arobaini, baada ya misa, nilisoma barazani pale pale alipokuwa akipanga viatu. Nilisoma dakika 20. Mshereheshaji alinionesha saa mara mbili, nikageuka upande mwingine. Nilisoma Ndala, nikasoma Kyaka na Mutukula, nikasoma chini ya lori, baba mdogo akakohoa kwa nguvu, nikangoja amalize, nikarudia sentensi. Nilipofika kwenye kamba nilizitoa, wadogo zangu wakaja mmoja mmoja kuchukua zao wakihesabu mafundo. Wa sita, ambaye ana miaka 38 na kitambi, alivua kiatu mbele za watu akapima.

Mtani wetu alikuwepo, na kofia ile ile. Alisubiri nimalize kabisa, akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Huyu ndiye mliyekuwa mmemficha," akasema. "Sasa yule mwalimu wenu mmempeleka wapi?" Akaja na bakuli, tukamlipa, kofia tukaikomboa kwa elfu 20.

Watu walipokwenda kwenye chakula Sajenti alinivuta pembeni, uso umekunjamana, akanishika mkono.

"Umesoma vizuri, mwanangu. Lakini tairi la Lukaya lilikuwa la nyuma."

"Si mliniambia la mbele, baba?"

"Alikwambia yeye. Yeye alikuwa na homa. Fungua daftari lako."

Nikafungua.