Ojalá

Mwaka 2016 nilipanga chumba kwa bibi mmoja mtaa wa Albaicín, Granada, kusini mwa Uhispania. Nilitoka Unguja na Kihispania cha miezi minne. Baadhi ya maneno niliyapokea kama ndugu tuliopotezana: azúcar ni sukari, azafrán ni zafarani, aceituna ni zeituni. Waislamu waliingia nchi ile mwaka 711, na dola yao ya mwisho ilianguka hapohapo Granada mwaka 1492, lakini Kiarabu kilibaki jikoni.

Nalo ojalá ni la Kiarabu. Mwalimu alituambia maana yake ya asili ni “Mungu akipenda”, nami nikalifanya inshallah yangu. Bibi akisema “Ojalá llueva”, mvua inyeshe, naitikia kama niko nyumbani.

Jioni moja tulikuwa tunamenya viazi. Akatazama kiti kilichokuwa karibu na dirisha, akasema taratibu: “Ojalá estuviera aquí mi marido.” Nikasikia inshallah na mume. Sikuwahi kumwona huyo mume, nikadhani yuko safari. Nikamjibu kwa bashasha: “Ojalá venga mañana”, inshallah aje kesho.

Kisu kikasimama mkononi mwake.

“Murió hace nueve años, hija.” Amekufa miaka tisa sasa, mwanangu.

Nilitaka kumpa pole, neno la pole kwa lugha yake likanipotea. Nikamshika mkono tu, nao ulikuwa umelowa maji ya viazi. Hakukasirika. Alichukua kalamu, akaandika kwenye mfuko wa mkate: venga, na chini yake, estuviera. Akagusa la kwanza: hili lina tumaini. Akagusa la pili, akatikisa kichwa.

Basi siri ilikuwa kwenye kitenzi, nami nilisikiliza ojalá peke yake. Neno lao moja hubeba mawili yetu: inshallah kwa linalotarajiwa, na laiti kwa lililo mbali au lisilowezekana tena. Estuviera ni -nge- yetu kabisa. Laiti mume wangu angekuwapo hapa. Ndivyo alivyosema, tangu mwanzo.

Akaniuliza kwetu tunasemaje. Nikamwambia: laiti. Akalirudia mara mbili, polepole, akikitazama kile kiti. Kisha akaanza kunihadithia habari za mumewe, na viazi tulivikaanga usiku sana.