Kukokotoa Joto la Udongo wa Siberia Nikiwa Malindi

Ardhi iliyoganda daima ni udongo au mwamba unaokaa kwenye nyuzi 0 za Selsiasi au chini yake kwa miaka miwili mfululizo au zaidi. Malindi hatuna hata konzi yake. Lakini nusu ya modeli ya joto la udongo, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa joto hilo tabaka kwa tabaka, haina habari na barafu: ni joto kushuka ardhini mchana na kupanda usiku, na nusu hiyo nimeijaribia kwenye mchanga wa hapa wakati wa kaskazi, jua kali na mvua hakuna.

Nilitumia vihisi joto vya DS18B20 vilivyozibwa ndani ya chuma, kimoja kina cha sentimita 5 na kingine 15, kwenye waya mmoja wa data wenye rezista ya kilo-omu 4.7. Vihisi hivi huruhusu kosa la nusu nyuzi, kwa hiyo kabla ya kuvizika nilivitia kwenye barafu iliyopondwa yenye maji kidogo, nikaandika kila kimoja kimekosa 0 kwa kiasi gani, na kiasi hicho nikakiondoa kwenye vipimo. Waya ulazwe sentimita 20 hivi kwenye kina kilekile kabla ya kuupandisha juu. Ukipanda wima moja kwa moja, shaba yake itakushushia joto la juu.

Tuseme kwenye sentimita 5 joto hupanda na kushuka nyuzi 6 kutoka wastani, na kwenye 15 nyuzi 1.75. Gawanya 6 kwa 1.75, tafuta logi asilia (1.23), kisha gawanya sentimita 10 kwa namba hiyo: kina cha kufifia, yaani kina ambacho kupanda na kushuka huko hupungua hadi kama asilimia 37, ni sentimita 8.1. Kipeo chake cha pili katika mita, mara pai, gawanya kwa sekunde 86,400, kinatoa kasi ya kusambaa kwa joto ya 0.24 × 10⁻⁶ m²/s. Kisha tazama saa: kilele cha sentimita 15 kinapaswa kuchelewa kama saa 4 na dakika 40. Njia mbili zisipopatana, ama vina ulivyoandika si vya kweli, ama maji yamepita mchangani.

Barafu ndiyo kazi yenyewe. Mita moja ya ujazo ya maji ikiganda hutoa megajouli 334, ilhali kuipoza nyuzi moja tu hutoa 4.2. Mchuuzi wa samaki anajua kwamba madhali barafu ingalimo sandukuni, maji yake hayapati joto. Udongo wa Aktiki nao, msimu wa baridi ukianza, hukwama kwenye 0 kwa wiki kadhaa mpaka maji yagande. Modeli inayohifadhi nyuzi za joto peke yake huiruka 0 katika hatua moja, na nishati yote hiyo inapotea bila programu kulalamika. Mimi huhifadhi nishati ya kila tabaka, na joto nalikokotoa kutokana nayo: nishati ikiwa kati ya barafu tupu na maji matupu, joto ni 0, basi. Hilo linafaa kwa mchanga na mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana kwenye ardhi yenye maji. Udongo wa mfinyanzi hubaki na maji hata kwenye -2, kwa hiyo unahitaji mkondo wake wa kuganda, yaani maji kiasi gani hubaki bila kuganda kwenye kila joto.

Kupima sehemu hii sikuhitaji safari, fomula ya Stefan, inayokadiria ardhi huyeyuka hadi kina gani, inatosha. Kiangazi chenye jumla ya nyuzi-siku 800 (nyuzi za kila siku zilizo juu ya 0 zikijumlishwa), mboji yenye maji asilimia 80 na upitishaji joto wa 0.5 W/mK (wati kwa mita kwa kila nyuzi), huyeyuka hadi sentimita 51. Udongo wa madini wenye maji asilimia 40 na upitishaji wa 1.2 hufika mita 1.1. Modeli iliyo mbali na hapo ina kasoro.

Upitishaji wenyewe hubadilika kuganda kukitokea. Mboji iliyojaa maji asilimia 90 hupitisha 0.52; ikiganda, 1.77. Baridi ya huko basi huingia kwa urahisi kuliko joto la kiangazi, na ndiyo sababu ardhi iliyoganda hudumu hata pale uso wake una wastani wa juu kidogo ya 0.

Matabaka ya modeli nimeyapa unene wa sentimita 2 hadi mita 1.5, halafu kila moja likazidi la juu yake kwa asilimia 10 hadi mita 50. Yanafika kama 130. Hatua ya muda ni dakika 2, kwa sababu ikizidi mraba wa unene ukigawanywa kwa mara mbili ya kasi ya kusambaa, namba hulipuka, yaani hukua bila kikomo. Joto huchukua karibu miaka 80 kupenya mita 50, kwa hiyo rudia hali ya hewa ileile kwa miaka mia kabla ya kuamini matokeo. Hifadhi hali ya modeli kwenye diski kila miaka kumi ya hesabu. Stima ya hapa haisubiri mtu amalize.

Hali ya hewa nimechukua ERA5-Land, data za saa kwa saa za kituo cha utabiri cha Ulaya, na vipimo vya kulinganishia ni vya kisiwa cha Samoylov, delta ya mto Lena huko Siberia, vya 2002 hadi 2017. ERA5-Land huandika joto kwa Kelvini na saa kwa UTC: Malindi iko saa 3 mbele, Samoylov 9. Mvua yake ni limbikizo la siku. Usiichukulie kuwa ya saa moja. Na kuna theluji ya aina mbili: kina halisi, na maji yaliyomo ndani yake. Ukichanganya, umeharibu msimu mzima.

Theluji ndiyo inayoamua kuliko mlinganyo wowote. Sentimita 40 zenye kilo 250 kwa mita ya ujazo hupitisha 0.09 W/mK. Upepo ukizishindilia hadi kilo 350 zinakuwa sentimita 29 na upitishaji 0.18, na kinga yake dhidi ya baridi inabaki theluthi tu. Modeli ikitoa ardhi yenye joto mno majira ya baridi, mimi huanza na msongamano wa theluji, kisha maji ya mboji. Joto linalopanda kutoka mwambani, wati 0.05 hivi kwa mita ya mraba, siligusi. Kwa hesabu ya miaka ishirini halionekani.