Mutoto asipogusa mpira atajifunza nini?

Hapa Goma siku ya posho asubui pita ku tereni yoyote ya kartye, utaona antrenema ni ileile: batoto 20 bamepanga mustari, mpira moja mbele yabo, kila mutu anangojea nafasi yake ya kupiga goli. Anapiga mara moja, anarudi nyuma kabisa, anasimama. Na mbele ya hapo bamesha kimbizwa kuzunguka tereni bila mpira mpaka bamechoka. Mi sikubali hii namna hata kidogo, juu mutoto wa miaka 9 hakuja pale kukimbia, alikuja kucheza, na asipogusa mpira hakuna chenye anajifunza.

Bagawanye. Fanya 3 kwa 3 ao 4 kwa 4, tereni ndogo ya metre 20 kwa 15 hivi, goli ni sandale mbili, basi. Pale hakuna mwenye anajificha, mpira unamufikia kila saa, analazimika kuangalia mwenzake iko wapi, apite ao atoe pasi, na akipoteza anakimbia kuutafuta mwenyewe bila wewe kumwambia, kumbe ile mbio yenye ulikuwa unatafuta njo hiyo. Ukibaweka 11 kwa 11 ku tereni kubwa, mukubwa mwenye mbio anashika mpira mechi yote, wengine banabakia pembeni kuangalia.

Sasa juu ya mawe. Volkano ya Nyiragongo ilishuka mu muji mwaka 2002 mpaka ku ziwa Kivu, 2021 ikarudi ikafika upande wa Buhene, na batoto betu banacheza juu ya ile mawe yenye iliacha. Mpira unaruka vile unataka. Mi naona ile inafundisha kontrole sana, mutoto anazoea kuweka mwili nyuma ya mpira, kulegeza muguu, kungojea muruko wa pili. Lakini takle ya kuteleza chini nakataza kabisa ku antrenema, ngozi ya magoti haipone haraka, na mbele ya kuanza batoto bote banaokota mawe madogo banatupa inje ya tereni, dakika tano, antrenere naye anainama anaokota.

Kuhusu kupasha mwili moto, FIFA iko na mazoezi ya batoto, 11+ Kids, ya miaka 7 mpaka 13. Kusimama na muguu moja, kuruka na kutua vizuri goti likiwa limekunjika, vitu kama hivyo, dakika 15 ao 20, bila kununua kitu. Baliyajaribu ku ekipe za batoto za Uswisi, Ujerumani, Ucheki na Uholanzi, kuumia kukapunguka karibu nusu. Kuna zoezi la kuanguka na kujiviringisha, lile ku mawe yetu naliacha, tafuta mahali pa majani.

Mpira pia uangalie, chini ya miaka 12 numero 4 inatosha, numero 5 ni nzito kwa muguu ya mutoto. Kama haiko, ule wa masashe (mifuko ya plastiki) wenye banajifungia bo wenyewe unafaa sana kwa kudribla.

Na tafazali, antrenere, usipige kelele "piga! piga!" kila mara. Mutoto anaacha kufikiri, anangojea sauti yako. Muchezo usimame kidogo, umuulize, ulikuwa umeona nani? Nafasi ilikuwa wapi? Siku ingine atajibu vibaya, haina neno, alifikiri.

Kitu ingine chenye kinaniuma ni kuchagua bakubwa tu. Mwenye alizaliwa mwezi wa kwanza na mwenye alizaliwa mwezi wa kumi na mbili banahesabiwa mwaka moja, lakini mu miaka 10 ile tofauti inaonekana wazi ku mwili, na yule mudogo banamurudisha nyumbani angali ana akili ya mpira kupita bote. Umuache acheze. Na kipa wa miaka 8 usimufungie golini mwaka muzima, zungusha, kila juma mutu mwingine avae glavu.