Mbwa au Manyani

Mama alipoamua kuhamia nyumba ndogo alituita sote wanne, na akasema wazi kwamba hatuitii kubeba vyombo. Vyombo vilikuwa na watu wake. Alichotaka ni tulimalize lile kabati la vitabu la marehemu Baba: kila mtu achukue chake, kitakachobaki atakigawa, asije akalaumiwa baadaye. "Na msigombane," akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetimiza wajibu tu, kisha akaketi kwenye kiti chake karibu na dirisha na kuendelea kufuma.

Sisi ni watu wa vitabu, lakini nisije nikatupamba. Nyumbani kwetu, mtoto aliyeonekana mikono mitupu baada ya kula usiku alitafutiwa kazi: kuosha masufuria, kupanga viatu, kuokota sindano za Mama zilizoanguka. Mwenye kitabu hakuguswa. Baba aliamini kwamba kumkatiza mtu anayesoma ni utovu wa adabu, hata kama huyo mtu hajamaliza kuota meno na kitabu chenyewe amekigeuza juu chini. Basi tukasoma. Mapenzi yalikuja baadaye, uvivu ukiwa umeshayafungulia mlango.

Vya mwanzo tuligawana bila neno. Vitabu vya hesabu, kamusi iliyopasuka mgongo, majarida yaliyofungwa kwa kamba, hivyo vilipita haraka. Kisha Kaka akachomoa Mashimo ya Mfalme Sulemani, na kazi ikasimama hapo hapo.

"Gagula!" akasema Dada, na kukirudisha kiti chake nyuma.

Hakuna aliyekuwa amemsahau yule kikongwe. Dada alikumbuka kicheko chake. Kaka alikumbuka mlango wa jiwe unavyoshuka polepole na kumponda, naye akatuonyesha kwa kiganja akikishusha juu ya meza, uso mzito kabisa, mtu mzima mwenye watoto. Mimi nilikumbuka kunusa. Gagula anapita katikati ya watu akinusa nani mchawi, na anayenyoshewa kidole hana maisha tena. Utotoni, kitu kikipotea nyumbani, mmoja wetu aliinama akavuta mgongo, akatuzunguka akinusa shingo zetu mmoja mmoja. Aliyenyoshewa kidole ndiye mwizi, hata kama kalamu yenyewe imo mfukoni mwa anayenusa. Kaka ndiye aliyependa kunusa. Kitindamimba wetu ndiye aliyenyoshewa kidole mara nyingi zaidi.

Kitabu kile ni cha H. Rider Haggard, kilitoka mwaka 1885, na Kiswahili tulichokisoma ni cha Frederick Johnson, cha mwaka 1929. Nimekirudia ukubwani, na kuna kurasa nilizozipita nikiwa nimekunja uso, kwa jinsi mwandishi anavyowatazama Waafrika aliowaumba mwenyewe. Utotoni hilo halikunigusa. Nilikuwa upande wa yeyote anayekimbia. Lakini nikawapa kisa kinachosimuliwa kuhusu kuzaliwa kwa kitabu hicho: Haggard alikuwa akibishana na ndugu yake juu ya Kisiwa chenye Hazina cha Robert Louis Stevenson, kilichokuwa kimetoka mwaka 1883, na ndugu yake akaweka dau kwamba Haggard hawezi kuandika kitu cha kufikia hata nusu ya uzuri wake.

"Kumbe ndugu kubishana kuna faida," akasema Kaka.

"Inategemea ndugu gani," akajibu Dada. "Wengine ni kama wale mbwa."

"Mbwa gani?"

"Wale wawili. Wanaochapwa mijeledi kila usiku."

Kaka akamwangalia kwa huruma, na mimi nikajua jioni imekwisha. "Dada, wale si mbwa. Ni manyani."

Kwa asiyeijua hadithi: mjumbe wa mfalme amelala nyumbani kwa liwali mwema, mkarimu, anayesifiwa na kila mtu. Usiku wa manane anamwona mwenyeji wake akiamka, anawaendea wanyama wawili waliofungwa, anawachapa mpaka wanalia. Akimaliza anatupa mjeledi, anawabembeleza, anawalisha kwa mkono wake huku machozi yanamtoka. Usiku wa pili vivyo hivyo. Wanyama wale ni ndugu zake wa tumbo moja, waliogeuzwa na jini kwa sababu ya ubaya waliomtendea, na liwali ameamriwa awachape kila usiku. Asipowachapa wao, atachapwa yeye.

Mtoto akishasikia kitu hicho hakimtoki. Nilikuwa naogopa zaidi yale machozi kuliko mjeledi.

"Manyani," akarudia Kaka. "Hasidi na Mwivu. Kitabu kimo humu humu."

"Mbwa, tena wenye minyororo shingoni. Baba alinisomea nikiwa nimekaa hapa," Dada akagonga mkono wa kiti alichokalia Mama. "Utanifundisha nilichosomewa kabla wewe hujazaliwa?"

Kaka alikuwa ameshapiga magoti, anatupa vitabu kushoto na kulia. Akakipata. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1952. Nakala yetu ilikuwa imepoteza gamba, Baba akaivisha karatasi ya kahawia na kuandika jina lake kwa wino. Kaka alisimama wima kama msomaji wa taarifa ya habari, akatusomea: Mfalme Rai, nchi ya Ughaibuni, mjumbe Ikibali, liwali Adili, na manyani wawili. Hakuruka neno. Alipomaliza akakifunga na kumpa Dada kwa mikono miwili, kwa heshima ya kuudhi.

Dada hakukipokea. "Hicho nakijua. Sicho ninachokisema."

Hapo ndipo nilipokikumbuka kile kitabu kinene. Kilikaa rafu ya chini kabisa, kwa sababu rafu za juu zisingeweza kukibeba, na sisi wadogo tulikitumia kama ngazi. Kilikuwa cha Kiingereza, herufi ndogo ndogo, hadithi za Alfu Lela Ulela. Nilikivuta, nikakipangusa kwa shati, nikaanza kufuata orodha ya hadithi kwa kidole. Ilinichukua muda, na muda wote huo wale wawili hawakutazamana. Nikaikuta: Abdullah bin Fadil na ndugu zake. Nikaifungua nikitafsiri. Khalifa Harun Rashid. Mjumbe. Liwali wa Basra. Mjeledi, usiku wa manane.

"Na wanyama?" akauliza Kaka.

"Mbwa," nikasema.

Dada hakupiga vigelegele, na hilo lilinishangaza. Alikaa chini sakafuni, akavivuta vitabu vyote viwili akaviweka wazi mbele yake, kimoja kikubwa kimoja chembamba, akawa anatazama huku na huku, ingawa macho yake siku hizi hayasomi herufi za udogo ule bila miwani. Hadithi ilikuwa moja. Shaaban Robert aliichukua, akaipa nchi yake na majina yake, majina yanayokwambia mtu ni nani kabla hajafungua mdomo. Na alibadilisha jambo kubwa zaidi ya mnyama. Katika kitabu kinene, ndugu wale wanaporudishiwa ubinadamu wao wanamgeuka tena Abdullah, na mwisho wao unakuwa mbaya. Kwa Shaaban Robert wanajuta, wanasamehewa, na wanabaki watu.

"Sasa naelewa," akasema Dada polepole. "Miaka yote namsikia huyu akisema hadithi ile inafundisha msamaha, nikawa nasema hakuisikiliza vizuri."

Kaka akacheka. "Na mimi nikasema wewe una roho ngumu."

Mama hakuinua macho kwenye ufumaji. "Baba yenu alichoka," akasema.

Tukageuka.

"Wewe," akimwelekea Dada, "ulipokuwa mdogo alikuwa na nguvu. Anarudi kazini, anakupakata, anafungua lile dude, anakutafsiria neno kwa neno. Wakati mwingine anakwama, ananiuliza jikoni neno fulani ni nini kwa Kiswahili, mimi namwambia mwache mtoto alale. Akaja huyu, kazi zimeongezeka, hana tena subira ya kutafsiri. Akanunua kile chembamba. Akasema hiki kimeshamaliza kazi." Akavuta uzi. "Wewe ulipata baba kijana. Huyu alipata baba aliyechoka. Ndiyo mbwa na manyani yenu hayo."

Mimi sikusema nilimpata baba gani. Mimi nilisomewa na Dada, tena kwa masharti, na kila Gagula alipocheka alinifinya ili niamini. Lakini nilikuwa nikijaribu kumwona Baba amesimama mlangoni mwa jiko, kidole kikiwa kati ya kurasa, akiulizia neno. Kwangu alikuwa siku zote mtu anayejua maneno yote.

"Mimi hakunisomea mtu," akasema kitindamimba.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka muda wote huo, tukawa tumemsahau, kama kawaida yetu. Hakusema kwa kulalamika. Dada akataka kubisha, akafungua mdomo, akatafuta hata siku moja ya kuitaja, akaufunga.

"Nilisoma mnavyoviacha," akaendelea. "Ile Kisiwa chenye Hazina, mlipomaliza nayo ilikuwa imebaki nusu."

Ilikuwa kweli. Sura za mwisho zilikuwa zimechanika kabla hajajua kusoma, na hakuna aliyewahi kukiri. Kaka alianza kupanga vitabu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Kwa miaka mingi, mdogo wetu akatuambia, hakujua hazina ilipatikana au la. Alijitungia. Katika mwisho wake, yule baharia wa mguu mmoja anabaki kisiwani kuwa mpishi wa watoto waliopotea. Alipokuja kupata nakala kamili shuleni alivunjika moyo, akaona mwandishi ameharibu.

"Na ramani?" nikauliza. "Chetu nacho hakikuwa na ramani."

"Nilichora."

Nikamwambia yaliyompata Stevenson mwenyewe. Kitabu kile kilianza na ramani aliyoichora mwaka 1881 akijifurahisha pamoja na mtoto wa mkewe, hadithi ikaifuata. Kisha ramani ilipotumwa kwa wachapishaji ikapotea, naye akalazimika kukipitia kitabu chake mwenyewe ukurasa kwa ukurasa ili achore nyingine inayokubaliana na maneno aliyoyaandika. Alisema hiyo ya pili hakuwahi kuihesabu kuwa ndiyo.

"Angeniuliza mimi," akasema kitindamimba.

Mgao haukuisha vizuri. Dada alitaka Adili sasa, kwa kuwa hakuwahi kukisoma kwa haki. Kaka akasema kitabu hakitoki mikononi mwake, kisha akasema basi na kile kinene kibaki naye, vikae pamoja, vinalingana. Mama akauliza kwa upole kama kuna mmoja wetu anayekumbuka alisema nini kuhusu kugombana. Akaamuru vyote viwili vihamie kwake, kwenye nyumba ndogo, na anayetaka kusoma aende huko akasome akiwa ameketi, kwa mikono iliyooshwa.

Tukashuka kwenye rafu ya mwisho, tukaanza kuulizana Kisiwa chenye Hazina kiko wapi, maana tulitaka kuiona hiyo ramani. Hakikuwemo kabatini. Tukatazama chini ya meza, nyuma ya kabati, kwenye rundo la kugawa. Kaka akainama, akavuta mgongo, akaanza kutunusa shingoni.

"Usijisumbue," akasema kitindamimba. Kilikuwa kwenye mkoba wake tangu asubuhi, kabla Dada hajafungua kabati, na hakuwa na nia ya kukitoa.