Roki ya upole imeniteka

Wapenzi wa muziki, nimekutana na Camel na siwezi kunyamaza. Ni bendi ya Uingereza iliyoanza mwaka 1971, wapigaji wa roki ya progresivu, ile yenye vipande virefu vinavyobadilisha mwendo na mapigo njiani. Ila hawa wanapiga kwa upole mno.

Albamu iliyonishika ni The Snow Goose ya 1975. Haina mashairi kabisa. Hadithi ya mwandishi Paul Gallico kuhusu mchoraji mpweke, msichana na bata bukini aliyejeruhiwa inasimuliwa yote kwa vyombo, okestra ikiwa nyuma yao. Sikiliza "Rhayader": Andrew Latimer anapuliza filimbi, kinanda cha Peter Bardens kinaifuata taratibu, kisha bila kusimama unajikuta umeshaingia kipande kinachofuata na gitaa limeshika usukani. Na gitaa lile! Latimer hana haraka. Anaishikilia noti moja mpaka ilainike kifuani mwako, ndipo aende nyingine. Kwangu huo ndio ufundi wenyewe, kuliko wale wanaokimbiza vidole.

Ushauri wangu: usichambue nyimbo mojamoja. Iache icheze tangu mwanzo hadi mwisho, usiku, simu ukiiweka mbali, maana vipande vimeungana.

Sasa nimehamia kwa Caravan, wa kutoka Canterbury, nao ni watamu. Anayejua bendi nyingine za utulivu huu aniandikie majina hapa chini, tafadhali. Nina kiu kweli.